Jerry Rice: Mikono ya mjengo iliyodaka rekodi za NFL

UMEWAHI kufanya kibarua cha mjengo? Basi unajua jinsi matofali yanavyopanda juu: wa chini anarusha, wa juu anadaka. Ukikosa, tofali limekupata mguuni au limepasuka na fundi anakukodolea macho.

Hivyo ndivyo Jerry Rice alivyojifunza kudaka. Alizaliwa Oktoba 13, 1962 huko Mississippi, kusini mwa Marekani, akakulia kijiji kidogo kiitwacho Crawford. Baba yake, Joe, alikuwa fundi wa kujenga kwa matofali, na wakati wa likizo wavulana wake walikuwa wasaidizi wake. Jerry alisimama juu, ndugu zake wakimrushia matofali kutoka chini, juani.

Mpira wenyewe ulimpata kwa bahati, au tuseme kwa utundu. Siku moja alikuwa anahepa darasa, naibu wa mwalimu mkuu akamfumania, kijana akatoka mbio. Alichapwa, ndiyo, lakini mbio zile zilikuwa zimeonekana. Akapelekwa kwa kocha.

Kama huufuati mchezo huu, fikiria binamu wa raga, ila hapa unaruhusiwa kurusha mpira mbele mara moja katika kila jaribio. Mrushaji huitwa kwotabeki. Mpokeaji, ambayo ndiyo iliyokuwa kazi ya Rice, hukimbia njia iliyopangwa, humwacha mlinzi na kuunasa mpira.

Vyuo vikubwa havikumjali, akaishia Mississippi Valley State, chuo kidogo cha Wamarekani weusi. Huko alidaka kila kitu. Hata hivyo, NFL ilipochagua vijana wapya mwaka wa 1985, wapokeaji wawili walichukuliwa kabla yake. Wengi walisema hana kasi. San Francisco 49ers, chini ya kocha Bill Walsh, wakamchukua akiwa nambari 16.

Na msimu wa kwanza ulianza vibaya. Jamaa wa matofali alikuwa anaangusha mipira! Mashabiki wa nyumbani wakamzomea. Kisha Desemba, dhidi ya Los Angeles Rams, akapata yadi 241 katika mechi moja. Zomeazomea ikaisha.

Lakini sehemu inayofaa kukusimamisha ni mazoezi yake. Akidaka mpira mazoezini, hata kama ni pasi fupi ya kujinyoosha, alikimbia nao hadi mwisho wa uwanja, kila mara. Ligi ikiwa mapumzikoni, alipanda mbio kilima kimoja karibu na San Carlos, njia ya kilomita 4 hivi. Wenzake waliojiunga naye walijuta.

Matokeo? Januari 1989, kwenye Super Bowl dhidi ya Cincinnati Bengals, alidaka mara 11 kwa yadi 215 na kuwa mchezaji bora wa fainali. Alishinda fainali hiyo mara 3. Alicheza misimu 20, akafunga tachidauni 208 na kupata yadi 22,895 kwa kudaka. Hizo ni karibu kilomita 21, pungufu kidogo tu ya nusu marathon, na njiani kuna majitu yanayotaka kukuangusha. Anayemfuata, Larry Fitzgerald, yuko nyuma kwa zaidi ya yadi 5,000. Si mchezo.

Swali ni alikuwa anakimbia nini. Mwaka wa 1997 goti lilichanika mechi ya kwanza ya msimu. Alirudi uwanjani Desemba hiyo hiyo, akafunga tachidauni, na mfupa wa goti ukapasuka. Akiwa na miaka 40 alifunga tena kwenye Super Bowl, safari hii akiwa na Oakland Raiders. Alistaafu 2005 akiwa na miaka 42, baada ya kujaribu timu nyingine mbili. Mimi naona alichelewa kuondoka.

Jibu alilitoa mwenyewe Agosti 2010, alipoingizwa kwenye jumba la magwiji huko Canton, Ohio. Alisema injini yake ilikuwa hofu ya kufeli. Akaongeza kwamba anajutia jambo moja tu: hakuwahi kutulia akayafurahia yote hayo.

Hotuba hiyo iko YouTube. Itazame kabla ya klipu za kudaka.