Neno "Kufunguliwa" katika Hesabu za Barua Pepe za Biashara

Wafanya biashara wapelekao barua pepe kwa wateja wengi kwa pamoja walizoea kuuliza kwanza: ni wangapi waliofungua? Jibu lilitolewa kwa asilimia, na kwa asilimia hiyo barua ilisifiwa au ililaumiwa, na mwandishi wake pamoja nayo. Yafaa neno hilo "kufungua" lichunguzwe, maana lilibebeshwa mzigo usiokuwa wake.

Njia ya kuhesabu ni hii. Barua hutiwa kiungo cha picha ndogo mno isiyoonekana, aghalabu ya pikseli moja, ambayo yenyewe imewekwa katika seva ya mtumaji, na kila mpokeaji ana picha ya anwani yake peke yake. Programu ionyeshapo barua, huiomba picha ile, na seva huandika saa ya ombi, aina ya chombo, na anwani ya intaneti ambayo kwayo mahali alipo mtu huweza kukisiwa. Kwa hiyo tangu mwanzo kilichohesabiwa ni kuombwa kwa picha. Aliyezuia picha akaisoma barua yote hakuhesabiwa. Aliyeitupia jicho akaifuta alihesabiwa. Wala mpokeaji kwa kawaida hakujua kwamba anahesabiwa, na hapo ndipo ulipoanzia ugomvi.

Mwezi wa Desemba 2013 Gmail ilianza kuzipitisha picha katika seva zake yenyewe, ikaificha anwani ya msomaji. Walakini ufunguzi wa kwanza bado ulijulikana. Badiliko kubwa lilikuja Septemba 2021, Apple ilipotoa iOS 15. Mtu akikubali ulinzi wa faragha katika programu ya Mail, picha za barua zake huchukuliwa kimyakimya na seva za kati, awe ameifungua barua au hakuifungua. Ulinzi huo umefungamana na programu, si na anwani. Hata mwenye anwani ya Gmail humo, akiisomea barua yake katika Mail, amo.

Ichukuliwe kwa mfano kwamba barua 1,000 zimepelekwa. Mia nne zimefika kwa wenye ulinzi, na picha zao zote zikachukuliwa. Katika 600 zilizosalia zimefunguliwa 120. Taarifa itasema 520, yaani asilimia 52, hali kiasi kiwezacho kuaminiwa ni 120 katika 600, ambacho ni asilimia 20.

Sarufi ya Kiswahili yaonyesha vema kosa lilipo. "Barua imefunguliwa" ni kauli ya kutendwa, nayo yadai mtenda hata asipotajwa. Msikilizaji humdhania mtu. Kumbe mtenda aweza kuwa mashine. Mwenye kutaka usahihi angesema "picha imeombwa" na kukomea hapo. "Imesomwa" ni mbali zaidi, wala haikupata kupimwa kamwe.

Wengine wamehamia kwenye kuhesabu waliobonyeza viungo. Hesabu hiyo ni bora, ingawa mitambo ya usalama ya maofisi huvifuata viungo ili kuvikagua kabla mwenyewe hajaiona barua. Viungo vyote vikibonyezwa katika sekunde moja, yamkini hapana mtu pale.

Kipimo kilicho imara zaidi hakina haja ya kumchungulia msomaji. Majina 10,000 hugawanywa kwa kura: watu 9,000 hupelekewa barua, na 1,000 hawapelekewi. Wakinunua 270 katika kundi la kwanza na 20 katika la pili, hizo ni asilimia 3 na asilimia 2. Barua basi imeleta wanunuzi wapatao 90, wala si 270, kwa kuwa 180 wangalinunua vivyo hivyo. Si ajabu kipimo hiki kisipendwe na mwenye kulipwa kwa sifa za barua zake. Nacho kina udhaifu wake: watu 20 ni wachache, na bahati tu yaweza kuwafanya 15 au 25; kwa hiyo yapasa jaribio lirudiwe mara kadhaa, kwa kura mpya kila mara, kabla tofauti hiyo ya asilimia moja haijapewa jina la faida.