Usiweke turbo kabla ya kuhesabu meno ya difu

MSIMU wa mvua uliopita, jirani yangu hapa Merikit, wilayani Tororo, alipoteza shehena nzima ya nyanya. Pikapu yake ilikuwa imetiwa injini ya turbo majuma machache tu kabla. Akipanda kilima na mzigo kutoka upande wa Mbale, alikanyaga mafuta, akasikia mlio wa chuma kikisagwa, kisha gari likakataa kwenda. Injini ilinguruma bila kasoro. Kilichovunjika ni difu, ule mtambo wa ekseli ya nyuma unaopokea nguvu kutoka kwa propela na kuigawa kwa magurudumu. Alipopata gari la kumvuta siku ya pili, nyanya zilikuwa zimeanza kutoa maji. Wanunuzi wa Busia hawakumngoja.

Nilikuwa na sababu ya kulitazama tukio hilo kwa makini. Mimi na shemeji yangu tuna Hilux ya 4x4 ya miaka ya tisini, yenye injini ya 3L, lita 2.8, isiyo na turbo. Hiyo ndiyo inayopeleka vitunguu Busia na kurudi na bidhaa za duka, na ndiyo inayolipa karo ya watoto wetu. Shemeji alikuwa amekwisha kununua injini ya 1KZ, lita 3.0 yenye turbo, iliyotolewa katika Hilux Surf. Alitaka iingizwe wiki hiyo hiyo.

"Mwalimu, tungoje nini? Injini iko, fundi yuko," aliniambia.

Sisi tuliorudi makwetu tunaijua haraka hiyo. Familia yetu ilivuka mpaka wakati wa machafuko ya Teso yaliyoanza 1987, nami nikasomea Kenya. Tuliporudi, kila mmoja alitaka kufidia miaka yote iliyopotea kwa msimu mmoja wa mavuno.

Fundi wetu, mzee ambaye karakana yake ni kivuli cha mwembe, alikataa kuigusa injini ile. "Wanangu, difu kwanza," alisema.

Sababu yake ni hesabu. Nguvu ya injini huzidishwa na giaboksi, kisha huzidishwa tena na difu kabla ya kufika kwenye tairi. Ndani ya difu kuna gia ndogo, pinioni, inayoizungusha gia kubwa iitwayo kraun. Kraun ikiwa na meno 41 na pinioni meno 10, propela huzunguka mara 4.1 ndipo magurudumu yazunguke mara moja. Injini ya 1KZ huvuta kuliko 3L kwa takriban nusu zaidi, tena huanza kuvuta hivyo ikiwa bado inazunguka polepole. Ongezeko hilo lote huyaangukia meno hayo pamoja na gia ndogo za kati. Katika difu ya Hilux kama yetu, gia za kati ni mbili. Katika ile ambayo Toyota iliiundia magari ya turbo ni nne, na beringi za pembeni ni kubwa zaidi. Uzuri ni kwamba inaingia katika ekseli ile ile.

Lakini kuna mtego. Gari la 4x4 lina difu mbili, ya mbele na ya nyuma, na hesabu zao sharti zilingane. Zisipolingana, siku utakapotia 4x4, propela mbili zitashindana hadi kitu kivunjike. Kwa hiyo ama ubadilishe zote mbili, ama utafute ya nyuma yenye hesabu sawa na ya mbele. Kununua mbili kungekula karo ya muhula mzima. Tukaamua kutafuta 4.1.

Shemeji alirudi na difu ambayo muuzaji aliapa kuwa ni 4.1. Mzee aliniomba chaki. Akaweka alama kwenye kraun na nyingine kwenye pinioni, akazungusha kraun mara kumi huku nikihesabu pinioni. Nilipata 43. Nikarudia, 43 tena. Ilikuwa 4.3! Tukairudisha. Muuzaji alibisha, tukamhesabia mbele ya wateja wake, akatoa nyingine. Hiyo ilitoa 41.

Kama difu bado imo garini, hesabu haishindikani. Ziba magurudumu mengine kwa mawe, toa gia, achilia breki ya mkono, kisha inua gurudumu moja la nyuma na uweke gogo imara chini ya ekseli. Usiiamini jeki peke yake. Lizungushe mara 20, maana gurudumu moja likiwa chini, mizunguko miwili ya lililoinuliwa ni sawa na mmoja wa kraun. Hesabu mizunguko ya propela. Ikiwa 41, difu yako ni 4.1.

Kazi yenyewe ilichukua siku moja. Oili ilimwagwa, propela ikafunguliwa, shafti za pande zote mbili zikavutwa nje, kisha nati kumi zinazoshika difu zikafunguliwa. Ni nzito, watu wawili waliibeba. Baada ya kurudisha kila kitu, breki zilitolewa hewa na oili mpya ya difu ikatiwa.

Hata hapo mzee hakuweka turbo. Alituambia tuendeshe majuma mawili na injini ya zamani, ili mlio ukitokea tujue unatoka wapi. Haukutokea. Ndipo 1KZ ikaingia, pamoja na klachi na rejeta inayoifaa.

Neno moja kwa wanaovuka Busia au Malaba: namba ya injini imeandikwa katika kitabu cha gari. Badilisha kitabu kabla ya safari ya kwanza, na utunze risiti ya injini. Askari akifungua boneti akute namba nyingine, turbo haitakusaidia.

Sasa kilima kile tunakipanda na mzigo bila kurudi gia ya kwanza. Juma lililopita jirani yangu alikuja nyumbani jioni. Amepata difu nyingine mjini, na hajailipia. Alikuja kuazima chaki.