Daftari na Geji Yake

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini wafanyabiashara wengi wa Tunduma daftari wanalo, tena limejaa. Linalowashinda ni kulisoma. Kurasa mia mbili za "nimeuza, nimenunua, nimekopesha" hazimwambii mwenye duka kama anakula faida au anakula mtaji. Ndiyo sababu leo nataka tuzungumzie namna ya kuliunganisha daftari na picha.

Dereva wa lori anayesubiri zamu ya kuvuka kwenda Nakonde hafungui tangi ili ajue mafuta yaliyobaki. Anatazama geji kwenye dashibodi. Hata hivyo geji haina akili yake. Inafuata boya linaloelea ndani ya tangi. Boya likikwama, mshale husema uongo.

Wapo wataalamu wa kompyuta waliobuni njia ya kuweka daftari katika faili la maandishi matupu, yasiyo na rangi wala majedwali, ambalo kompyuta yoyote hulifungua. John Wiegley alitoa programu ya Ledger mwaka 2003. Baadaye Martin Blais akatunga Beancount. Humo kila tukio huandikwa kwa tarehe, ikionyeshwa fedha imetoka wapi na imekwenda wapi, na pande mbili lazima zilingane. Hilo si geni: mtawa wa Italia, Luca Pacioli, alilieleza katika kitabu kilichochapwa mwaka 1494, na kila aliyesoma hesabu za biashara sekondari analijua.

Programu nyingine, Fava, ndiyo geji yenyewe. Inalisoma faili la Beancount na kulichora kwenye skrini: mapato, matumizi, mali na madeni. Inafanya kazi ndani ya kompyuta yako mwenyewe, kwa hiyo siri za duka hazitoki dukani. Ukiongeza mstari mmoja katika faili, mchoro nao unabadilika.

Sasa nije kwenye mambo ya mpakani. Tuseme mama mmoja ameuza mchele Nakonde akapata kwacha 6,000, akaziweka. Siku ile kwacha moja ilikuwa shilingi 110. Mwezi uliofuata ikawa 100. (Viwango hivi ni vya mfano tu.) Katika daftari la kawaida kwacha ni zile zile 6,000. Kwa shilingi, 660,000 zimekuwa 600,000. Shilingi 60,000 zimeondoka na hakuna mwizi aliyeingia. Beancount inakubali sarafu mbili katika daftari moja, mradi uandike bei ya kwacha pamoja na tarehe yake. Na Fava, ukiiambia ionyeshe kila kitu kwa shilingi, itauchora mteremko huo. Usipoandika bei mpya, boya limekwama. Mchoro utaendelea kutumia bei ya zamani, na utapendeza vile vile. Hapo ndipo ninapoiogopa michoro.

Dawa ipo. Kila Jumamosi hesabu fedha za droo na salio la simu, kisha uandike katika faili kwamba tarehe fulani palikuwa na kiasi fulani. Kisipolingana na mistari iliyotangulia, programu inatangaza kosa papo hapo. Kwa maoni yangu mstari huo mmoja unazidi thamani ya michoro yote.

Mkulima wa kahawa wa Mbozi naye asitazame mwezi mmoja mmoja. Analipwa kwa msimu, na mchoro wa miezi utamwonyesha tajiri kwa muda mfupi na maskini muda uliobaki. Achague kuona mwaka mzima.

Programu hizi ni za bure. Kijana aliyezoea kompyuta anaweza kukuwekea, ingawa kuandika kila jioni hakuna wa kukufanyia. Anza na droo moja. Na kila unapochota humo fedha ya unga au ya ada ya mtoto, iandike kuwa ni ya nyumbani, usiichanganye na gharama za duka. Baada ya miezi mitatu weka mchoro wa nyumbani kando ya ule wa faida. Ule wa nyumbani ukiwa mrefu zaidi, tofauti hiyo imetoka kwenye mtaji.