Punje za Sataranji na Deni la Mpwa Wangu

Leo natuizungumze namba moja tu: 18,446,744,073,709,551,615. Ina tarakimu 20, nami niliihitaji kwa jambo la nyumbani.

Jioni moja, baada ya Isha, mpwa wangu alinijia barazani na karatasi mkononi. Mashine ya mashua yake ilikuwa imeharibika, akataka kukopa shilingi 10,000. Sharti ni kuwa akichelewa, deni lizidi maradufu kila mwezi. Na rahani ni nyumba ya mamake, dada yangu. "Ni kidogo, Mjomba," akaniambia. "Nitalipa."

Mambo ya riba ameyasoma chuoni kama nilivyoyasoma mimi. Basi sikumhutubia, nilitoa ubao wa sataranji.

Nikamhadithia kisa alichokiandika Ibn Khallikan, aliyefariki mwaka 1282. Hakimu Sissa alimwomba mfalme wa Uhindi zawadi ya nafaka: punje moja katika mraba wa kwanza, mbili katika wa pili, nne katika wa tatu, vivyo hivyo hadi wa 64. Mfalme aliliona ombi hilo dogo mno. Ibn Khallikan mwenyewe hakusadiki mpaka mjuzi mmoja wa hesabu wa Iskandaria alipomwonyesha kwa karatasi. Jumla ni hiyo namba yetu. Mtu akihesabu punje moja kila sekunde, usiku na mchana, atahitaji zaidi ya miaka bilioni 580.

Al-Biruni, yapata mwaka 1000, aliipata kwa njia fupi. Zidisha 2 kwa 2, upate 4. 4 kwa 4, upate 16. Kisha 256, 65,536 na 4,294,967,296. Zidisha tena hiyo kwa yenyewe, halafu toa moja tu. Na ajabu yake ni hii: zile namba sita, kuanzia 2, ziongeze moja moja. Utapata 3, 5, 17, 257, 65,537 na 4,294,967,297. Zizidishe zote pamoja, utarudi pale pale! Fermat wa Ufaransa, mwaka 1640, alidhani namba za aina hii hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. Mwaka 1732 Euler akaonyesha kuwa hiyo ya mwisho ni 641 mara 6,700,417.

Lakini jambo lililomgusa mpwa wangu ni jingine. Kila mraba una punje moja zaidi ya jumla ya miraba yote iliyoutangulia. Kadhalika deni lake: mwezi mmoja wa kuchelewa huongeza sawa na deni lote lililokwisha kukusanyika. Nikampa kalamu. Akaandika: mwezi wa sita, 640,000. Mwezi wa kumi na mbili, 40,960,000. Akanyamaza.

Karatasi haikutiwa saini. Mashine tuliitengeneza kwa mchango wa jamaa, naye anaulipa pole pole bila kuzidi hata senti. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli tupu. Ila tutazame kwanza kibaba chenyewe ni cha nani.