Unahama na friji? Isafiri imesimama, na ikifika usiiwashe haraka

Msikilizaji, ukihama kutoka Ngara mjini kwenda Biharamulo, mzigo wako unapita Benaco, Nyakahura na Lusahunga kabla ya kufika. Kitanda kikilegea njiani, seremala atakikaza. Friji ni habari nyingine. Kwa anayeuza maji baridi na juisi, friji ikifa, biashara imekwama siku hiyohiyo.

Kinachoua friji nyingi ni kulazwa safarini, kisha kuwashwa mara tu inaposhushwa. Tazama chini kwa nyuma: kuna kitu cheusi cha chuma, mfano wa chungu. Hiyo ndiyo kompresa, inayosukuma gesi kwenye mabomba. Ndani yake kuna oili ya kuilainisha. Friji ikilala, oili hiyo inaweza kumwagikia kwenye mabomba ya gesi. Ukiiwasha papo hapo, kompresa inafanya kazi bila oili ya kutosha, na ile iliyopotea njia inaweza kuziba mrija mwembamba unaopitisha gesi.

Kwa hiyo isafiri imesimama, iwe ni kwenye kirikuu au Canter. Iegemeze nyuma ya kabini, weka godoro katikati, ifunge kwa kamba, na kamba isibane mabomba ya mgongoni. Ikishindikana kabisa, ilale ubavu, kamwe si mgongo. Kama ililala, ikifika isimamishe saa 24 kabla ya kuiwasha. Kama ilisimama njia nzima, saa tatu au nne zinatosha. Najua wateja wapya watakuwa wanachungulia mlangoni, lakini soda ya moto ya siku moja ni nafuu kuliko kompresa mpya.

Maandalizi yanaanza siku moja kabla. Chomoa waya, toa kila kitu, acha mlango wazi barafu iyeyuke yenyewe. Hapa ndipo visu hufanya maafa. Bomba la gesi limepita nyuma ya ile barafu, na tundu dogo kama la sindano linatosha kumaliza gesi yote. Soma pia kibandiko cha friji: ikiandikwa R600a, gesi hiyo inashika moto. Ukiitoboa, fungua milango na madirisha, toa jiko la mkaa nje kama linawaka, usiwashe kiberiti wala swichi, kisha muite fundi.

Kausha ndani kwa kitambaa, mwaga maji ya kile kibeseni cha nyuma, na vioo vya rafu vifunge kwenye kanga. Mlango ubane kwa gundi ya karatasi au kamba laini. Kama ni friza ya kufunga kwa funguo, ifunge na funguo ukae nazo wewe, maana watoto hupenda kujificha humo wakati watu wazima wanapakia.

Nyumba mpya, iweke mahali pa sawasawa, mbali kidogo na ukuta ili ipumue. Umeme ukiwa unachezacheza, ipitishe kwenye kifaa cha kulinda friji.