Hisabati kwa Wote (4): Namba tasa zinazozaa namba zote

Juma lililopita tuliagana na swali hili: ipo namba ambayo nusu yake ni mraba kamili, theluthi yake ni kipeo kamili cha tatu, na humusi yake ni kipeo kamili cha tano. Iliyo ndogo kuliko zote ni ipi? Aliyeanza kujaribu moja, mbili, tatu, kwa sasa ameshachoka, maana jibu lina tarakimu 14. Huko hakufikiwi kwa kubahatisha. Yabidi kuipasua namba tuone kilichomo ndani.

Tuanze na fundi wa marumaru. Ana marumaru 360 za mraba, zote sawa, na mwenye nyumba anataka sakafu ya mstatili isiyokata wala kubakiza hata moja. Anaweza kupanga mistari 10 ya marumaru 36, au 18 ya 20, au 15 ya 24. Je, maumbo yote ni mangapi?

Tuigawe 360 kwa ile ngazi ya darasani. Kwa 2 tunapata 180, kisha 90, kisha 45. Hapo 2 imegoma. Kwa 3 tunapata 15, kisha 5. Kwa 5 tunafika 1, ngazi imekwisha. Basi 360 = 2³ × 3² × 5. Hizo 2, 3 na 5 ni namba tasa, hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Jina lina kejeli yake: tumeziita tasa, nazo ndizo zinazozaa nyingine zote.

Sasa, kigawo chochote cha 360 kimeumbwa kwa tasa hizo hizo, hakina pengine pa kuzitoa. Kwa upande wa 2, chaweza kuchukua tatu, mbili, moja au kisichukue kabisa: njia 4. Kwa upande wa 3 kuna njia 3, na kwa 5 njia 2. Zidisha 4 × 3 × 2, unapata vigawo 24. Kwa kuwa vinakwenda viwili viwili, 10 na 36, 15 na 24, fundi ana maumbo 12 ya kuchagua. Kanuni ni hiyo: ongeza 1 kwenye kila kipeo, ile namba ndogo ya juu, kisha zidisha.

Mwenye nyumba akabadili nia, sasa anataka sakafu ya mraba. Mraba ni namba iliyozidishwa kwa nafsi yake, kwa hiyo kila tasa iliyomo huja mara mbili mbili, na vipeo vyote huwa shufwa. Katika 360, kipeo cha 2 ni 3 na cha 5 ni 1, vyote witiri. Inapungua 2 moja na 5 moja, yaani 10. Mletee fundi shehena 10 kama ile ya kwanza, zitakuwa marumaru 3,600, na sakafu itatoka 60 kwa 60. Tukitaka kipeo kamili cha tatu, kila kipeo sharti kigawanyike kwa 3. Inapungua 3 moja na 5 mbili, yaani 75, na 360 × 75 ni 27,000, ambayo ni 30 × 30 × 30.

Mraba una alama nyingine ya kuutambua: idadi ya vigawo vyake daima ni witiri. Chukua 36. Ina jozi za 1 na 36, 2 na 18, 3 na 12, 4 na 9. Halafu 6 imebaki peke yake, mwenzi wake ni yeye mwenyewe. Jumla 9. Vipeo vinalisema jambo lile lile: shufwa ukiiongeza 1 inakuwa witiri, na witiri kwa witiri huzaa witiri.

Hesabu zote hizi zinasimama juu ya nguzo moja: namba haina mipasuo miwili tofauti. Kama 360 ingeweza kupasuliwa kwa tasa nyingine, mahesabu yetu ya vipeo yangeporomoka. Msingi uliwekwa na Euclid katika kitabu cha saba cha Elements, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Kamal al-Din al-Farisi, mwanazuoni wa Uajemi aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 14, aliutumia mpasuo wa tasa kuchunguza vigawo vya namba. Mwaka 1801 Carl Friedrich Gauss wa Ujerumani akauthibitisha upekee huo waziwazi.

Turudi kwenye deni letu, lile swali la mwanzo. Tasa zinazohitajika ni 2, 3 na 5. Kuongeza nyingine ni kuikuza namba bure. Kilichobaki ni kutafuta vipeo vitatu.

Kipeo cha 2: tukichukua nusu, kinapungua 1 na sharti kiwe shufwa, kwa hiyo chenyewe ni witiri. Theluthi na humusi hazikigusi, ila zinadai kigawanyike kwa 3 na kwa 5. Kidogo kuliko vyote ni 15. Kipeo cha 3 kigawanyike kwa 2 na kwa 5, na ukikipunguza 1 kigawanyike kwa 3: ni 10. Kipeo cha 5 kigawanyike kwa 2 na kwa 3, na ukikipunguza 1 kigawanyike kwa 5: ni 6.

Namba yetu ni 2¹⁵ × 3¹⁰ × 5⁶, yaani 30,233,088,000,000. Vigawo vyake ni 16 × 11 × 7, yaani 1,232, na hatukuandika hata kimoja. Sasa chukua humusi yake: ni 2¹⁵ × 3¹⁰ × 5⁵. Gawa kila kipeo kwa 5, unapata 2³ × 3² × 5. Ndiyo ile 360 ya marumaru za fundi wetu, na humusi yetu ni 360 iliyozidishwa kwa nafsi yake mara tano.

Swali la juma lijalo: namba ndogo kuliko zote yenye vigawo 15 barabara ni ipi? Kabla hujashika kalamu, angalia kama 15 ni shufwa au witiri.