Kioo cha bafuni na ukungu wake: niliyojifunza Minnesota kwa gharama



Najua humu tumezoea kujadili ngeli, historia ya miji ya pwani na siasa za nyumbani, kwa hiyo msomi mzima akileta habari ya kioo cha bafuni ataonekana kaishiwa. Lakini kila mwaka ikifika Desemba simu zinaanza. Mara mgeni aliyefika juzi, mara mwanafunzi aliyepanga fleti yake ya kwanza, mara shemeji aliyehamia Saint Paul kutoka Texas. Wote swali lao moja: "Mbona nikioga kioo hakionyeshi kitu? Nafuta, dakika mbili kimerudi vile vile. Dawa yake nini?" Dawa ipo, tena rahisi. Ila mie nataka nieleze na sababu yake, manake anayejua sababu si rahisi kubabaishwa na mwenye nyumba. Huko nitafika.

KWA NINI TANGA HATUKUYAJUA HAYA

Nimezaliwa na kukulia Tanga, na sikumbuki hata siku moja kuona kioo cha kwetu kimejaa mvuke. Nilipofika hapa Januari 2001 nikadhani sababu ni "unyevu wa Ulaya na Marekani". Nilikuwa nimekosea kabisa. Hebu tutazame hesabu.

Hewa ya pwani yetu, tuseme nyuzi 30 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 75, ina takriban gramu 22 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Ndani ya nyumba ya Minneapolis mwezi wa Januari, nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 30, maji yaliyomo ni gramu tano na nusu tu. Yaani hewa ya Tanga ina maji mara nne ya hewa ya huku! Ndiyo maana huku midomo inapasuka na ngozi inachanika. Sasa mbona kioo cha Tanga ni kikavu na cha Minneapolis kinatoa jasho?

Jibu ni tofauti ya joto. Hewa ya moto hubeba maji mengi, ya baridi hubeba machache. Ikiwa nyuzi 27, mita moja ya ujazo haiwezi kubeba zaidi ya gramu 26 hivi. Ikiwa nyuzi 18, mwisho ni gramu 15. Ikifika sifuri, hata gramu 5 hazitimii. Sasa wewe umefungulia bomba la mvua, maji ya moto robo saa, mlango umefunga. Hewa ya bafuni imefika nyuzi 27 na imeshiba maji. Hewa hiyo ikigusa kioo chenye nyuzi 18, inapoa hapo hapo na kulazimika kutua mzigo wa gramu zaidi ya kumi kwa kila mita ya ujazo. Inautua pale pale kwenye kioo. Ni kazi ile ile ya umande wa alfajiri, na ya chupa ya soda iliyotoka kwenye friji ikasimama mezani.

Kule kwetu kioo kina joto sawasawa na hewa, maji ya kuogea ni ya ndoo, baridi au vuguvugu, na bafu lenyewe liko uani, ukutani juu kuna matundu. Mvuke utoke wapi, na ukitoka utue wapi? Huku bafu liko katikati ya nyumba iliyozibwa kila upenyo ili joto lisitoke, na mara nyingi kioo kimetundikwa kwenye ukuta wa nje. Upande wa pili wa ukuta huo, usiku wa Januari, wastani ni nyuzi 13 chini ya sifuri, na ziko siku inashuka hadi 30 chini. Wenye miwani wanaelewa haraka. Dar es Salaam miwani inaingia ukungu ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, Minneapolis inaingia ukungu ukiingia nyumbani. Sheria ni hiyo hiyo moja.

MAJI YENYEWE SI TATIZO, TATIZO NI MATONE

Kitu kingine kinachosahauliwa ni kwamba maji ni meupe, unaona kupitia ndani yake. Kioo kilichomwagiwa maji yakatandazika sawasawa bado kinaonyesha sura. Kinachokizuia kuonyesha ni matone madogo madogo maelfu kwa maelfu, kila moja mviringo, kila moja linatupa mwanga upande wake. Kwa hiyo dawa ziko za aina mbili. Ama uzuie maji yasitue kwenye kioo, ama uyaache yatue lakini yatandazike badala ya kujikunja kuwa matone.

Aina hii ya pili ndiyo kazi ya sabuni. Sabuni inapunguza ile nguvu inayoyafanya maji yajivute na kujikunja. Wazamiaji wanaijua kanuni hii zamani, ndiyo maana utawaona wakitema mate ndani ya miwani yao ya kuzamia na kuyasugua kabla hawajaingia baharini. Na msidhani ni mambo ya kienyeji tu. Juni 1966, katika safari ya Gemini 9A, mwanaanga Eugene Cernan alitoka nje ya chombo, akafanya kazi ngumu kuliko ilivyotarajiwa, akatokwa na jasho na kuhema mpaka kioo cha kofia yake kikajaa ukungu, akawa haoni vizuri. Ikabidi kazi ikatizwe arudi ndani. Baada ya hapo NASA wakatumia dawa ya kupaka kwenye vioo vya kofia kuzuia ukungu. Kwa hiyo ukipaka sabuni kioo chako usione haya, uko kwenye kundi zuri.

DAWA ZENYEWE, KUANZIA ZA BURE

1. Anza na maji ya baridi. Ukijaza beseni la kuogea, tangulia na ya baridi halafu ongeza ya moto. Ukitumia bomba la mvua, punguza joto kidogo na punguza muda. Wanaooga kwa ndoo na kopo (nasikia bado tupo) mvuke wetu ni mdogo sana kuliko wa bomba.

2. Washa feni kabla ya kufungulia maji, wala usisubiri mpaka kioo kimekwisha kujaa. Ukimaliza kuoga iache iendelee kama dakika 20. Watu wengi wanaizima wanapotoka, na hapo ndipo mvuke uliobaki unapotua ukutani.

3. Feni haiwezi kutoa hewa kama hakuna hewa inayoingia. Hakikisha chini ya mlango kuna nafasi ya kama sentimita 2. Kama zulia limeziba, acha mlango wazi kidogo.

4. Pima feni yako. Chukua kipande kimoja cha karatasi ya chooni, kiweke kwenye matundu ya feni ikiwa imewaka. Kikishikwa, feni inavuta. Kikianguka, hiyo ni kelele tu. Kipimo kinachotumika sana Marekani kwa bafu la kawaida ni futi za ujazo 50 kwa dakika, sawa na mita za ujazo 85 hivi kwa saa. Na bomba lake lazima litoe hewa NJE ya nyumba. Likiishia darini, mvuke unaganda huko juu kuwa barafu, halafu siku ya jua inayeyuka na kudondoka ndani.

5. Sabuni. Safisha kioo kwanza kikauke. Tia tone moja au mawili ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye kitambaa laini, au tumia povu la kunyolea, paka kioo chote, halafu sugua kwa kitambaa kikavu mpaka alama zote zipotee. Itakaa siku kadhaa, pengine wiki, halafu unarudia. Dawa za dukani za kuzuia ukungu zinafanya kazi hiyo hiyo kwa bei kubwa zaidi. Usirashie maji wala dawa kwenye kingo za kioo. Fedha inayofanya kioo kionyeshe sura iko nyuma, na unyevu ukiingia pembeni ndipo zinapoanza zile alama nyeusi.

6. Pasha kioo joto. Wenye mashine ya kukaushia nywele wanajua, upepo wa moto dakika moja na kioo kimefunguka. Wenye nyumba zao wenyewe wanaweza kuweka mkeka mwembamba wa umeme nyuma ya kioo, lakini hiyo ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni. Rahisi zaidi ni kuhamisha kioo kutoka ukuta wa nje kwenda ukuta wa ndani. Sisi tulifanya hivyo na nusu ya tatizo ikaisha siku ile ile.

7. Angalia unyevu wa nyumba nzima. Tunachemsha chai, tunapika pilau, tunaanika nguo ndani, halafu kwa sababu ngozi inakauka tunanunua na mashine ya kuongeza unyevu. Kipimo cha unyevu ni cha bei ndogo, nunueni. Huku Minnesota mwongozo unaofuatwa ni kwamba nje ikiwa nyuzi 12 hadi 18 chini ya sifuri, ndani usizidishe asilimia 30. Ikishuka kati ya 23 na 29 chini, asilimia 20. Chini ya hapo, 15.

UKUNGU MMOJA, MAANA MBILI

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Katika Kiswahili chetu ukungu ni ule mvuke unaofunika kioo au mlima asubuhi, na ukungu vile vile ni ile kuvu inayoota kwenye mkate uliochacha na kwenye ukuta. Majira yale ya kwanza ya baridi nilimwambia marehemu mama kwa simu, "Huku kioo cha bafuni kina ukungu kila siku." Akashtuka: "Basi hamieni kwengine, mtoto atapata kifua!" Nikacheka, nikamweleza kwamba ni mvuke tu, nikifuta unaondoka. Nikajiona nimesoma.

Miaka miwili baadaye tulipokiondoa kioo kile ukutani, nyuma yake palikuwa peusi kuanzia juu hadi chini. Mvuke ule niliokuwa naufuta mbele kwa taulo, nyuma ulikuwa haufutwi na mtu. Na mtoto wetu wa pili, aliyekuwa akikohoa kila usiku tangu Novemba, daktari alikuwa amekwisha kutuambia ana pumu, akauliza kama nyumba ina kuvu. Tukajibu hapana. Tulijibu kwa nia njema kabisa.

Mwenye nyumba alipoitwa akasema kosa letu, "watu wenu mnapika sana." Tulipohama akakata amana yetu karibu yote kwa ajili ya ukuta ule. Fundi aliyekuja kutengeneza ndiye aliyeniambia kando kwamba bomba la feni lilikuwa limeziba miaka mingi. Nilikuwa na shahada ya uzamivu, lakini sikuwa na karatasi hata moja ya kuthibitisha kwamba niliwahi kulalamika.

Kwa hiyo wageni, shikeni haya. Sheria ya Minnesota, kifungu 504B.161, inamtaka mwenye nyumba aiweke nyumba katika hali ya kufaa kukaliwa na kuitengeneza inavyostahili. Feni haivuti? Andika BARUA, weka nakala, piga picha zenye tarehe. Asipotengeneza ndani ya siku 14, kifungu 504B.385 kinakuruhusu kupeleka kodi yako mahakamani badala ya kumpa yeye. Walioko Minneapolis wanaweza kupiga 311 kuomba mkaguzi wa jiji. Na ukihama ukamwachia anwani yako mpya, kifungu 504B.178 kinampa wiki tatu kurudisha amana na riba yake, au kueleza kwa maandishi kwa nini ameikata. Uchakavu wa kawaida si deni lako.

Kuhusu ukungu wa pili, EPA wanashauri kilicholowa kikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48. Usipake rangi juu ya kuvu, utakuwa umeifunika tu. Doa dogo osha kwa sabuni na maji, ukaushe. Na tafadhali, msichanganye jiki na siki, wala jiki na dawa ya vioo yenye amonia. Hewa inayotoka hapo ni sumu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mie niliulipia ukuta kweli, kwa dola. Mtoto amekuwa mtu mzima sasa, ana afya, ila kila akija kututembelea hakosi dawa yake ya pumu mfukoni. Kwa hiyo kesho ukitoka kuoga ukakuta kioo kimefunga, kabla hujakifuta nyanyua macho uiangalie feni. Halafu chungulia na nyuma ya kioo.

Naomba kuwasilisha. Wenye uzoefu wa Toronto, Oslo na kwingineko kwenye baridi, karibuni mniongezee au mnisahihishe.